Bampa imepigwa rangi juzi na saa hizi inabambuka: ni rangi feki ama ni kazi ya fundi?

"Assalam aleikum fundi. Niko hapa Malindi, naendesha Toyota Fielder nyeupe, ile nyeupe ya lulu. Mwezi wa kwanza tuktuk ilinikwangua bampa ya mbele karibu na soko, ikaacha michirizi na ufa mdogo upande wa taa. Nikapeleka gereji, ikapigwa rangi siku moja tu bila kuvuliwa, jioni nikaichukua imetakata. Haijafika hata miezi mitatu, juzi inaoshwa kwa mashine ya presha kikatoka kipande cha rangi saizi ya kiganja, na ukivuta pembeni inazidi kutoka, na mgongo wa hicho kipande ni laini unang'aa. Alafu ukiitazama juani bampa ina umanjano, boneti haina. Fundi aliyepaka asema rangi za siku hizi ni feki, nimpe 4,000 nyingine arudie juu yake. Fundi mwengine asema 11,000 na gari ilale siku mbili. Mume wangu asema tuachane nao wote, tuagize bampa ya ex-Japan Mombasa ije na rangi yake. Tushike lipi? Na ni lazima bampa ivuliwe?"

Waaleikum salaam dadangu, na pole sana, kulipia kitu kimoja mara mbili kunauma. Umeuliza mambo mengi kwa pamoja na yote ntayajibu, lakini wacha nianze na kile kipande kilichotoka, manake kile ndo kinasema ukweli wote.

Kama bado unacho usikitupe. Kigeuze ukitazame mgongo wake kwenye mwangaza. Umesema ni laini na unang'aa, basi hapo rangi ilikaa tu juu bila kushikana na kitu. Bampa ingekuwa ilipigwa msasa vizuri, huo mgongo ungekuwa umechukua ile mistari midogo midogo ya msasa na ungekuwa mkavu, hauna mng'ao hata kidogo. Tazama pia mgongo una rangi gani. Ukiwa mweupe tupu, rangi ilipulizwa moja kwa moja bila praima, ile rangi ya msingi ya kushikisha. Ukiwa wa kijivu, praima ilikuweko lakini haikushika chini. Alafu nenda kwenye bampa pale palipobaki wazi, unaona nini? Ukiona plastiki nyeusi, rangi imeachia kwenye plastiki yenyewe. Ukiona bado kuna ile rangi ya kiwandani inang'aa vizuri, basi jamaa alipuliza juu ya klia ya zamani, lile tabaka la juu lisilo na rangi linalotoa mng'ao, bila kuikwangua, na klia ya kiwandani ni ngumu na laini, kitu kipya hakina pa kushika. Kwa gari yako nadhani utakuta yote mawili, nyeusi pale palipokwanguliwa na tuktuk na nyeupe inayong'aa kwengineko.

Sasa hili la rangi feki. Vitu vibovu viko madukani sikatai, thina mbovu, klia za bei ya kutupa, hadina, ile dawa ya kukaza rangi, iliyofunguliwa ikakaa mpaka ikaharibika. Lakini rangi mbovu ina tabia zake, inapauka upesi, ukipitisha kidole kinatoka na unga mweupe, inafanya vinyufa, ama inageuka manjano kwa jua. Haitoki shuka nzima ikaacha chini pasafi. Ikitoka hivo shida iko chini ya rangi, yaani ni kazi iliyofanywa kabla bunduki ya rangi haijashikwa. Hata ungeletewa rangi kutoka kiwandani Toyota kwenyewe, kwa kazi ile ingetoka vile vile.

Kuna jambo watu wengi hawaambiwi. Ile bampa unayoiona si chuma, ni ganda la plastiki, bampa ya chuma imejificha ndani nyuma yake. Ukiivua ukatazama upande wa ndani utakuta herufi zimegandamizwa kwenye plastiki, mara nyingi >PP< ama >PP+EPDM<, pengine na herufi T na namba zake. PP ni polipropilini, EPDM ni mpira uliochanganywa ndani ili bampa ikigongwa ijikunje irudi isivunjike, na hiyo T ni unga wa talki wa kuipa ugumu. Polipropilini ina tabia moja mbaya kwa mtu wa rangi, haitaki kushikwa na kitu. Rangi ikitua juu yake ni kama maji kwenye jani la mgomba, na hata ikikauka ukaiona imetulia, chini hakuna kilichoshikana. Kiwandani wanalijua hili ndo maana plastiki inapitishwa moto kidogo ama inapigwa dawa yake kabla ya rangi. Huku kwetu kazi hiyo inafanywa na praima ya plastiki, kitu chepesi maji maji kinachopulizwa mkono mmoja ama miwili myembamba, yaani tabaka moja ama mawili, kinaipa plastiki uvimbe kidogo sana juu kikajipenyeza ndani, alafu juu kikaacha uso ambao rangi inaukubali. Kikopo chake ni kidogo na bei yake si ndogo, kwa hivo ndo kitu cha kwanza kurukwa fundi akibanwa bei, na kikirukwa hakuna anayejua siku ile ya kwanza. Gari inatoka inang'aa, pesa inalipwa, ubaya unakuja kuonekana siku ya mashine ya presha.

Lakini hata hiyo praima ya plastiki haiwezi kuokoa bampa chafu, na hapa Malindi uchafu wenyewe ni wa aina mbili ambazo haziondoki kwa dawa moja. Kuna chumvi, ile ya hewa ya bahari inayokaa juu ya gari kila siku hata kama hupiti ufuoni. Na kuna mafuta na silikoni, ile dawa ya kung'arisha matairi na dashibodi wanayopuliza vijana wanaoosha magari, ikirukia bampa inakaa pale miezi. Thina haiyeyushi chumvi, na maji na sabuni peke yake hayaondoi silikoni yote. Kwa hivo bampa inaoshwa kwanza kwa sabuni ya vyombo na maji mengi, ikauke, alafu ipanguswe na dawa ya kutoa mafuta kwa vitambaa viwili, kimoja cha kupaka na kingine kikavu cha kuondoa kabla haijakauka, ndo msasa uingie. Ukianza na msasa kabla ya kuosha unayasukuma yale mafuta ndani ya mikwaruzo na hapo huyatoi tena. Silikoni ikibaki rangi inafanya vishimo vidogo vya duara, inajitenga pale pale ukiwa unapuliza. Chumvi ikibaki huoni kitu siku ile, lakini inavuta unyevu chini ya rangi na baada ya muda unaona malengelenge madogo madogo kama joto la mtoto mgongoni. Na maji ya kusuuzia nayo yaangaliwe, visima vingi vya huku mjini vina maji ya chumvi chumvi, yakikaukia kwenye bampa yanaacha kile kile ulichokuwa unakitoa. Mwisho isuuzwe na maji ya mfereji, haya yanayotoka Baricho.

Kuna kipimo ambacho unaweza kumwomba fundi akufanyie mbele yako, hakina gharama. Baada ya kuosha na kupiga msasa amwage maji safi juu ya bampa, pale penye rangi ya kiwandani, manake plastiki wazi yenyewe hukataa maji hata ikiwa safi. Maji yakitanda yakafunika kote bila kukatika, pasafi. Yakijikusanya matone matone mahali fulani, pale bado pana mafuta, arudie.

Msasa wenyewe usiwe wa kukwaruza sana. Plastiki hii ukiipiga msasa mkali inatoa manyoya, vinyuzi vidogo ambavyo rangi ikishapita juu vinaonekana vyote. Pale penye plastiki wazi msasa wa 400 mpaka 600 na ile sponji ngumu ya kijivu inatosha, na kwenye rangi ya kiwandani iliyo nzima ni 600 ama 800 mpaka mng'ao wote ufe, usibaki hata kwenye kona za ndani karibu na grili na pale kwenye nafasi ya namba, manake rangi huanza kutoka kwenye hizo kona ambazo mkono haukufika. Rangi ya kiwandani ikiwa nzima haina haja kuitoa yote, ndo msingi mzuri kuliko wowote utakaoweza kuupata huku. Ila hii mpya inayobambuka, yote iondoke, kila kipande, hata kile kinachoonekana kimeshika. Isitolewe kwa ile dawa ya kuchomea rangi ya chuma, inalainisha plastiki ikaiharibu. Ikwanguliwe, ipulizwe hewa, imaliziwe na msasa.

Kwa hivo ile 4,000 ya kurudia juu yake, dadangu, usitoe. Rangi juu ya rangi iliyoachia inategemea ile ya chini, na ya chini haijashika kitu. Tena thina ya rangi mpya inapenya kwenye kingo za ile ya zamani inazikunja, unaona mikunjo kama ngozi iliyolowa. Hiyo ni pesa ya kununua miezi mingine miwili.

Tuje kwenye umanjano. Fielder nyeupe zinakuja za aina mbili kubwa na watu wanazichanganya. Fungua boneti utafute kile kibati kwenye ukuta wa injini, ama kwenye mlango, uone palipoandikwa rangi. Ukikuta 040 hiyo ni nyeupe tupu, haina lulu. Ukikuta 070 hiyo ndo ya lulu, na inapakwa kwa tabaka tatu: kwanza nyeupe ya chini, alafu tabaka la lulu ambalo linapitisha mwanga na lina chembe ndogo za maika ndani, alafu klia. Siri yote iko kwenye lile tabaka la katikati. Kila ukiongeza mkono mmoja wa lulu rangi inabadilika, inazidi kuiva inaelekea kwenye krimu. Mikono miwili inatoa gari moja, mikono minne inatoa gari nyengine, na rangi ni ile ile ya kopo moja. Na nyeupe ya chini nayo ikiwa si yenyewe, mtu akitia nyeupe yoyote aliyokuwa nayo, huwezi kuirekebisha kwa lulu hata upulize mpaka usiku. Ongezea hapo klia ya bei ya chini ambayo jua letu hili linaigeuza manjano, na ndo unapata hiyo unayoiona.

Fundi anayejua rangi ya lulu hapulizi bampa kwa kubahatisha. Anachukua kikadi ama kipande cha bati, anapaka nyeupe ya chini kote, anakigawa kwa tepu, sehemu moja mkono mmoja wa lulu, nyengine miwili, nyengine mitatu, nyengine minne, anapiga klia juu, kikikauka anakileta kwenye boneti na fenda yako nje, kwenye mwanga wa mchana, anatazama kwa mbele na kwa ubavu. Ile sehemu inayopotea ndo idadi yake. Si chini ya taa za gereji, taa zinadanganya. Hiyo kazi inachukua saa nzima ama zaidi na hakuna mteja anayeiona, lakini ndo tofauti kubwa kati ya fundi wa kwanza na wa pili, kwa hivo muulize huyu wa 11,000: kikadi utanionyesha? Akikuelewa mara moja bila kukuuliza kikadi gani, ni dalili nzuri.

Na usitegemee ilingane asilimia mia. Magari yanayoingia Kenya ni yaliyotumika, sheria ni yasizidi miaka minane tangu yasajiliwe mara ya kwanza, kwa hivo yako ilishaonja jua la Japani kabla haijaonja la Malindi na boneti yake si ile nyeupe ya kibatini tena. Hata gari mpya kabisa ukizitazama sana bampa na fenda zina tofauti kidogo, plastiki inapakwa kivyake. Kuna mafundi watakwambia wapulize na fenda mbili rangi ipotelee huko, inaitwa kuchanganyia, na ni kweli kwa mlango ama fenda ndo njia sahihi. Kwa bampa peke yake mimi siipendi, unaenda kugusa rangi ya kiwandani kwenye chuma ambayo haina kosa, huku kwenye chumvi. Kati ya bampa na fenda kuna lile pengo na uso umepinda, jicho linasamehe tofauti ndogo. Kikadi kikifanywa vizuri inatosha.

Ule ufa karibu na taa hukuuliza sana lakini mimi unanitia wasiwasi kuliko rangi. Ukitiwa puti ya kawaida, yaani ule uji mzito wa kujazia, ile ngumu ya chuma, na ukafunikwa, utarudi, manake bampa inacheza kila ukipita matuta na puti ile haichezi. Fiba nayo haishiki polipropilini vizuri. Ufa wa plastiki unachomelewa kwa plastiki ya jamii yake, na hapa niseme kitu nshakiona sana gereji za huku: fundi anakata kipande cha mtungi wa maji, jeriken, anakiyeyusha anajazia. Jeriken ni polithini, bampa ni polipropilini, zinafanana kwa macho lakini zikiyeyushwa pamoja hazishikani sawasawa, ukikunja inafunguka palepale. Kinachotakiwa ni fimbo ya PP ama ukanda uliokatwa kwenye bampa kuukuu yenye zile herufi zile zile za PP. Ufa uchongwe umbo la V upande wa ndani, utobolewe kitundu kidogo mwisho wake usiendelee kukimbia, uchomelewe ndani kwanza alafu nje, na zile pini za moto za chuma zikitiwa upande wa ndani ni bora zaidi. Juu ndo puti ya plastiki, ile laini inayokunjika, nyembamba. Hii yote haiwezekani bampa ikiwa bado iko kwenye gari, na hapo nimeshaanza kukujibu swali la kuvua.

Ivuliwe, ndio. Ikiwa juu ya gari kingo zake zimeingia chini ya taa na zimebanana na fenda, msasa haufiki, fundi anafunika kwa tepu anapuliza mpaka kwenye tepu, na ile ncha ya tepu ndo inakuwa mlango wa mashine ya presha. Nakubahatishia kipande chako kilianzia pembeni karibu na taa ama fenda, si katikati. Faida nyengine ya kuvua ni kwamba unaona kile chuma cha ndani. Mwambie akuite ukitazame kabla hajarudisha: kama kimepinda, kama sponji yake imevunjika, kama kina kutu ya kubanduka. Chuma kile kinakula chumvi miaka hakuna anayekitazama, na siku ya ajali ndo kinachokusaidia, ganda la nje halisaidii kitu. Kuvua kuna hasara yake, zile klipu za plastiki zikizeeka hukatika, kwa hivo zinunuliwe mpya, bei yake ni ndogo, kuliko bampa irudishwe kwa waya na ikae imelegea.

Sasa hewa yetu. Rangi inapopulizwa thina inaruka na inapoza uso wa rangi, na hewa ikiwa na unyevu mwingi maji yanatua juu yake, rangi inapiga ukungu mweupe, klia inakuwa haina kina. Na hadina ya 2K, ile rangi ama klia inayochanganywa na hadina ndo ikaze, haipatani na maji kabisa, inafanya mapovu. Kompresa nayo inanyonya hewa hiyo hiyo ya pwani inaikandamiza, maji yanakaa chini ya tangi, kama halikumwagwa asubuhi na hakuna kichujio kwenye mpira yanakuja kutoka kwenye bunduki. Mwombe afungue ile koki ya chini ya tangi mbele yako, usione haya, fundi mzuri hakasiriki kwa hilo. Saa nzuri huku ni umande ukishakauka, kuanzia kama saa tatu unusu mpaka saa sita, kabla upepo wa bahari haujapata nguvu na kuleta vumbi. Msimu wa mvua za masika kama hana chumba kilichofungwa, subiri, bampa iliyobambuka haizuii gari kutembea. Na kwa joto letu atumie thina ya kukauka polepole, ile ya haraka inafunga juu huku chini bado kuna thina, inatoka na vipele. Ndo maana pia siku mbili alizokuomba huyu wa pili si uvivu. Kuvua, kuosha na kuchomelea na puti siku ya kwanza, praima, rangi, lulu na klia siku ya pili kukiwa na mapumziko kati ya mkono na mkono, na ukinisikiliza mimi ungemwachia hata ya tatu ikauke kivulini kabla ya kurudishwa. Ya kupuliza na kuchukua jioni haikuwa na nafasi ya haya yote.

Ya bampa ya ex-Japan, yaani iliyotumika Japani, mume wako hakukosea, ni wazo zuri kukiwa na masharti. Ubora wake ni kwamba rangi yake ni ya kiwandani na haitabambuka. Lakini 070 ya gari iliyolala nje miaka mitano na 070 yako zinaweza kutofautiana, wakati mwengine zaidi ya kazi ya fundi. Nyingi zinakuja na michubuko kwenye kona, alafu utataka ipigwe rangi na umerudi ulipoanza ukiwa umelipia bampa na nauli ya kutoka Mombasa juu yake. Ukiamua, mtume mtu aitazame kwa macho, atazame masikio yote ya kufungia kama ni mazima, na ahakikishe ni ya toleo lako, Fielder zimebadilishwa sura mara kadhaa na tundu za taa za ukungu hazifanani. Zile mpya za bei nafuu zinazokuja nyeusi ama kijivu bila rangi nazo zina mafuta ya kutolea kwenye kalibu, lazima zioshwe mara mbili tatu, na zijaribiwe kwenye gari kabla ya kupakwa, manake nyingine hazikai na ikishapakwa hairudishwi dukani. Kama ufa wako ni mfupi na masikio ya bampa ni mazima, mimi ningetengeneza hiyo hiyo yako. Ufa ukiwa umefika kwenye sikio linaloshika fenda ama taa, hapo ningetafuta nyengine.

Fundi wa kwanza usimwache hivi hivi lakini. Rudi kwake na kipande mkononi, kwa upole, umwonyeshe ule mgongo unaong'aa umwambie haujashika plastiki, ukamwombe akurudishie sehemu ya pesa. Usimkubalie arudie mwenyewe mpaka akueleze atavua, atatoa yote, na atatumia praima ya plastiki ipi. Akikueleza sawasawa na kopo ulione, sioni ubaya apewe nafasi bila malipo. Akiendelea kusema rangi feki, mwache. Kwa wa pili 11,000 ni pesa kweli, ndo maana makubaliano yaandikwe, hata kwa meseji tu: kuvua, kuchomelea ufa, praima ya plastiki, klia ya 2K na hadina yake, na rangi ikibambuka ndani ya mwaka anarudia. Ukitaka kuhakikisha ni 2K na si NC, ile inayokauka kwa thina kuruka tu, siku chache baadaye chukua kitambaa chenye thina kidogo sugua upande wa ndani wa ukingo usioonekana, rangi ikija kwenye kitambaa ni NC, haina hadina, na petroli na jua vitaimaliza mapema.

Niombe kitu kimoja kwa ajili yao pia. Hadina ya 2K ina isosianeti, ukiivuta muda mrefu inaleta pumu ya maisha, na kitambaa ama ile barakoa ya karatasi haizuii. Fundi aliye na barakoa ya hewa ama angalau ya vichujio vya kemikali ni fundi anayeijua kazi yake. Watoto wasiwe karibu akipuliza, na usikubali afanyie uani kwako.

Kuna mambo siwezi kuyahukumu bila kuiona gari. Kama taa ya upande ule imelegea ama inamulika juu kuliko nyengine, kama pengo la boneti limekuwa pana upande mmoja, kama kuna taa ya hitilafu imewaka kwenye dashibodi tangu siku ile, ama gari yako ni ya miaka ya karibuni ina vitambuzi kwenye bampa ama rada ya kuzuia kugonga, peleka kwa fundi wa bodi aliye na vifaa vya kusoma kompyuta ya gari kabla ya kufikiria rangi. Vitambuzi vikipakwa rangi nene havisikii, na puti mbele ya rada inaipofusha. Na kama unayo bima kubwa, piga hesabu kwanza, kwa kazi ndogo hii mara nyingi ile sehemu unayotakiwa ujilipie inazidi gharama yenyewe.

Ikishapakwa, wiki ya kwanza isioshwe kwa sabuni, na mashine ya presha ikae mbali mwezi mzima, hata baada ya hapo isielekezwe kwenye kingo kwa karibu. Nta na poleshi zisubiri mwezi kwa uchache, thina iliyobaki chini inahitaji njia ya kutoka. Usiegeshe chini ya mwarobaini wenye kunguru, mavi ya ndege yanakula klia changa kwa siku moja ya jua, ukiyakuta yalowanishe kwanza kwa maji yalainike ndo uyaondoe, usiyakwangue makavu. Na kila ukirudi safari ya pwani ama ukipita kule kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, mwagia gari maji baridi ya mfereji kabla haijalala, bampa, chini ya fenda na nyuma ya ile namba.